Kuku wa Safari

Nilikuwa naogopa. Kwa miaka mingi nimesema ilikuwa malaria, na nimewaambia hivyo hata madaktari, ambao walikuwa na adabu ya kutonicheka. Haikuwa malaria. Niliogopa, na sikujua naogopa nini.

Likizo ile nilianguka kutoka juu ya lori la dagaa tukitoka Ikola, kule ziwani. Niligonga kichwa, nikazimia, nikazindukia hospitalini Mpanda nikinuka dagaa. Kidonda kilipona upesi, tukadhani yamekwisha. Siku ya kurudi chuoni Dar es Salaam, treni ilipopiga honi stesheni, moyo ulianza kwenda mbio, vidole vikafa ganzi, jasho likanitoka. Nilikuwa na hakika kwamba nikipanda lile behewa nitakufa kabla hatujafika Kaliua. Nikamwambia mama nimesahau cheti, tukarudi nyumbani Mwamkulu.

Kwetu msafiri hapandi treni bila kuku wa kukaanga. Basi kila safari niliyoikimbia ilikuwa imeshaua kuku. Mama alichinja, akakaanga, akanisindikiza. Mimi nikatetemeka, nikatunga uongo mpya, tukarudi kumla huyo kuku. Muuza mihogo wa pale stesheni alishanizoea.

"Msomi, unasafiri au unatembeza kuku?"

Nilicheka naye. Nyumbani nilijifungia chooni, nikauma kanga nisisikike nikilia. Sufuria ikianguka jikoni, najikuta nimejikunyata chini ya meza. Nilibakiza mwaka mmoja kupata shahada, na kuvuka barabara kulikuwa kumenishinda. Chuo kilishafunguliwa. Nisiporipoti kufikia mwisho wa mwezi, nafasi yangu inakwenda. Kuna siku nilitamani lile lori lingenimaliza kabisa.

Wiki ya mwisho nikaletewa ujumbe kwamba kaka yangu atapiga simu posta kutoka Dar. Nilishika mkonga wa simu kwa mikono miwili, malaria yangu ikiwa tayari mdomoni.

"Usije," alisema. "Chuo wamekuahirishia mwaka mzima. Nimewaeleza habari ya kichwa. Daktari huku anasema mtu akigonga kichwa anaweza kupata hofu za namna hiyo. Ni ugonjwa, dada. Atakuona ukiweza kusafiri."

"Nani kakwambia naogopa?"

"Mama. Alikuja hapo posta juzi akanipigia. Kasema bandani kabaki jogoo tu, na huyo hamchinji, kwa hiyo niongee na chuo."