Kata Iliyokwenda Bahi

Muuza mchele wangu wa sokoni Majengo, hapa Dodoma, huniapia kila mara kwamba mchele wake hauna hata chembe ya mchanga. "Huu wa Bahi, dada. Unaosha mara moja, unabandika." Nami kila mara namwitikia, maana mchele wenyewe unanukia vizuri na yeye ni mcheshi. Jumamosi moja, baada ya mazishi ya bibi, niliuosha kwa maji matatu, kisha nikapapasa chini ya sufuria kama ilivyo desturi yangu. Mchanga ulikuwepo, mwekundu, laini, wa kutosha kufunika ukucha. Wewe, mwenzangu, ungeumwaga na kumsema muuzaji. Mimi nilikaa kwenye kigoda na sufuria mapajani, nikalia mpaka mwanangu akaja kuuliza kama nimejikata.

Mchanga ule naujua. Nimekulia bondeni, chini ya Kolo, kule Kondoa, ambako wageni huja kutazama michoro ya kale kwenye miamba. Sisi watoto hatukuwa na habari na michoro. Sisi habari yetu ilikuwa mto. Nasema mto, lakini mgeni angeuliza uko wapi, kwa sababu sehemu kubwa ya mwaka Bubu ni mchanga mtupu, mpana, unaochoma nyayo saa sita mchana. Maji yako chini, na lazima uyafukue.

Kila nyumba ilikuwa na kisima chake humo mchangani. Chetu kilikuwa karibu na mkuyu uliopinda. Bibi aliniamsha alfajiri, baada ya kuswali, tukashuka yeye na ndoo, mimi na kata ya kuchotea. Unafukua kwa mikono mpaka mchanga unakuwa baridi, halafu unakuwa mzito, halafu unaona maji yanajikusanya polepole yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Hayo ya kwanza unayamwaga. Unasubiri. Unasikia visima vya jirani navyo vinachotwa, kata zinagonga ndoo, mtu anakohoa, punda analalamika. Ukishajaza unafunika kisima kwa matawi ya miiba mbuzi wasichafue, na hukikaushi. "Mwache wa nyuma naye akute," bibi alikuwa akisema, hata siku ambazo nyuma yetu hapakuwa na mtu.

Kata yetu ilikuwa ya kibuyu, na babu ndiye aliyeitengeneza. Aliichoma kwa waya wa moto ikawa na mistari myembamba kuzunguka shingo, na mkononi ililala vizuri kama imezaliwa humo. Babu alikuwa ameshafariki. Koti lake walipewa wajomba, jembe lake liliisha kwa kunolewa, ikabaki kata. Bibi aliniruhusu kuishika kwa sharti moja: nisiiache kisimani. "Mto ukikuta kata unajua umealikwa," alisema. Nikacheka, naye akacheka, lakini sharti lilibaki sharti.

Nikiwa darasa la nne, mwalimu wetu wa jiografia alitundika ramani ubaoni, akatufundisha mito ya kwetu. Alikuwa mwembamba, mwenye kikohozi na fimbo ya kuonyeshea ambayo sikumbuki akiitumia kwa kazi nyingine. Akaanza na Kizigo: unaingia Ruaha, Ruaha inaingia Rufiji, Rufiji inaingia baharini. Kinyasungwe nao, tukaimba kwa pamoja, unakwenda kuwa Wami, na Wami unaingia baharini. Fimbo ikateremka mara zote mbili mpaka kwenye ile bluu kubwa ya pembeni, na darasa zima tukahisi tumefika. Halafu akaja kwa Bubu wetu. Ulichorwa kwa vistari vilivyokatikakatika. Vijito vikauingia huku na huku, Mponde ukaja kutoka upande wa Singida, nikawa nafuata kwa macho, nasubiri bahari. Fimbo ikasimama katikati ya nchi, kwenye alama za majani za kinamasi. "Bahi," alisema mwalimu. "Hapa unaishia. Huu haufiki baharini."

Sijui kama umewahi kuona aibu kwa ajili ya mto. Mimi niliona. Mwanafunzi mmoja aliyehamia kutoka Mpwapwa, wa upande wa Kinyasungwe, alitutania wiki nzima kwamba mto wetu ni mvivu, umechoka njiani ukalala.

Jioni ya siku moja wiki hiyo bibi alinituma maji peke yangu. Mbingu kwetu ilikuwa nyeupe, hata wingu la kusingizia halikuwepo. Nilijaza ndoo, nikafunika kisima, kisha nikapiga magoti mchangani na kuanza kuchora kwa mpini wa kata. Nilichora Bubu. Nilichora vijito vyote nilivyovijua, cha makorongoni, cha miambani, kile kinachopita nyuma ya msikiti. Nilipofika Bahi sikusimama. Niliuvuta mto, nikaupitisha Dodoma, nikauvuta tena mpaka pwani, na hapo nikasimika kata mchangani iwe bahari. Nikarudi nyuma kuutazama. Ulikuwa mto mzuri kuliko ule wa mwalimu.

Ndipo jirani yetu, mama mmoja mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, akapiga ukelele kutoka ng'ambo. "Mto unashuka! Tokeni! Mto unashuka!" Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, tusikokuona. Nilinyakua ndoo, nikakimbia na kupanda ukingo nikiwa nimelowa nusu ya maji yangu. Nilipogeuka nikaona kwanza povu, limejaa vijiti na mavi ya mbuzi, linatambaa juu ya mchanga mkavu bila haraka. Nyuma yake maji yakaja na mngurumo. Kata ilisimama kidogo, ikainama, ikaondoka.

Bibi alinikuta ukingoni. Alisimama akiyasoma maji, kwa sababu bibi alikuwa akiyasoma kama wengine wanavyosoma barua. "Huu mwekundu umetoka makorongoni," alisema. "Wa miambani bado, ule huja mweusi una majani. Ngoja utauona." Tukangoja, ukaja, mweusi una majani. Kisha akanitazama mikono.

"Kata iko wapi?"

Nilimweleza yote huku nalia: ramani, fimbo, mtoto wa Mpwapwa, bahari yangu ya mchangani. Nilitegemea kofi, na ningelipokea. Bibi alifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Mwambie mwalimu wako, bahari ina maji tele, haina haja na yetu. Bahi ndiko waliko wenye shida." Akabeba ndoo. "Na kata haijapotea, imekwenda Bahi. Ukiwa mkubwa utanipeleka tukaitafute."

"Nitakupeleka, bibi."

Bibi hakuwahi kuvuka mji wa Kondoa. Nilipopata kazi Dodoma, jambo la kwanza aliloniuliza halikuwa mshahara wala uchumba. Aliuliza, "Huko ni karibu na Bahi?" Nikasema ni karibu sana. Tangu hapo kila Idd nilimpelekea mchele wa Majengo, naye, aliyekulia ugali wa uwele na mlenda na kuuona wali kwa nadra, aliuosha mwenyewe, akapapasa chini ya sufuria, akanionyesha mchanga kwenye kidole. "Huu wa kwetu," alikuwa akisema. "Umetangulia. Sisi lini?" Nami nikajibu Idd ijayo, bibi. Ofisini mimi nina sifa ya kumaliza kazi kabla ya siku yake, waulize. Kwa bibi nilikuwa na Idd ijayo.

Mara ya mwisho alikuwa hainuki tena kitandani. Alinishika mkono akasema nikifika Bahi nisiidai ile kata. "Ukimkuta mtu anachotea, mwachie. Mwambie tu ni ya mume wangu." Alifariki kabla ya Ramadhani.

Bondeni sasa kuna bomba. Ni jambo jema, silisemi vibaya, migongo ya dada zetu imepumzika. Lakini nilipokwenda kwenye arobaini nilishuka alfajiri hadi kwenye mkuyu, nikakuta mchanga umelala sawasawa, hauna hata shimo moja. Nikafukua kwa mikono. Maji yalikuja yaleyale, ya rangi ya chai. Sikuwa na cha kuchotea.

Wiki iliyofuata nilikwenda Bahi. Nilishuka kwenye basi, nikatembea mpaka kwenye mashamba ya mpunga, nikawa nazunguka kwenye kingo za majaruba natafuta mahali mto unapoishia, na, usinicheke, macho yangu yalikuwa yanatafuta kata. Mama mmoja wa makamo alikuwa anapandikiza, ameinama, maji yamemfika magotini.

"Shikamoo mama. Eti mto Bubu unaishia wapi?"

"Marahaba." Akanyooka, akanitazama viatu vilivyozama tope. "Si ndio huu umesimama ndani yake?"

Nilitazama chini. Maji yalikuwa yametulia, mekundu, miche ya mpunga imetoka juu yake kila upande mpaka macho yanachoka. Nikamhadithia. Sijui kwa nini, lakini nilimhadithia yote, mpaka na maneno ya bibi kwamba bahari haina haja na maji yetu. Alicheka sana kwa hilo, akapiga paja kwa mkono wenye tope.

"Bibi wa watu," alisema. "Tungempikia. Mbona hukumleta?"

Nilitaka kumjibu kwamba ni mbali. Lakini nilikuwa nimetoka nyumbani Dodoma asubuhi hiyohiyo baada ya kunywa chai, na jua lilikuwa halijafika utosini.