Riwaya Yenye Kurasa Zilizoshikana

Kila Jumamosi asubuhi, kabla Bi Solange hajamaliza kufungua makasha yake ya vitabu kando ya mto Seine, yule mzee wa koti la kijivu huwa keshafika. Hufuta vidole kwa leso, hukinusa kitabu, kisha hutazama tarehe ya kuchapwa nyuma kabisa, ahakikishe ni chapa ya kwanza. Hutaka riwaya ambazo kurasa zake bado zimeshikana pembeni kama zilivyotoka mtamboni, maana zikishakatwa thamani hushuka. Za kusoma hununua nakala nyingine, za bei rahisi. Leo kaangukia riwaya ambayo haikuchapwa tena, na nakala rahisi haipo. Kaitanua kwa kidole gumba, anachungulia ndani kwa jicho moja.

"Mzee wangu, unasoma au unachungulia kwa jirani?"

"Mke wa humu kitabuni kafunga mizigo, Bi Solange. Sijui kama anaondoka."

"Kisu hiki hapa. Ila lipa kwanza, maana ukizikata kurasa, hata mimi kitabu sikinunui tena."

Akalipa. Akakishika kisu juu ya kurasa hadi mabasi mawili yakapita. Kisha akakata, polepole, mpaka ukurasa wa mwisho, akasoma wima palepale.

"Karudisha nguo kabatini," akasema, akaomba mfuko.