Nilivyokaa semina ya wake wa walinda amani, na mimi ni mume

Wakuu, heshima yenu. Naandika kama ilivyotokea, na aliyekuwepo siku ile asinicheke mara ya pili.

Kipindi hicho Songwe haijawa mkoa, tuko bado Mbeya. Nauza spea za malori Tunduma, naishi Mpemba. Mke wangu, mama Neema, ni koplo. Akachaguliwa kwenda nje ya nchi kulinda amani, mwaka mzima.

Nikamuuliza, "Sasa huko utalindwa na nani?"

Akaendelea kupiga pasi kombati. "Baba Neema, mlinzi si ndiyo mimi?"

Akaondoka. Kijiweni wakaanza kuniita First Lady.

Mwezi wa tatu uvumilivu ukaisha. Nikaandika barua kwa wakubwa zake wamrudishe, mtoto anaumwa. (Mtoto alikuwa mzima, nakiri.) Kabla sijaituma nikapata mwaliko: semina ya wake wa walinda amani, Mbeya mjini. Nikasema poa, naikabidhi huko huko.

Ukumbini wanaume ni mimi na fundi wa spika. Mada ya kwanza: kumpokea mumeo akirudi. Nikaandika notes, ningefanyaje. Kila mmoja akapewa kitenge. Nikapokea.

Ndipo afande mmoja akasimama. Akasema kule kwenye kambi ya wakimbizi wanawake walikuwa wanavamiwa wakienda kuni. Askari wanaume wakiuliza, hakuna anayefungua mdomo. Koplo mmoja wa kike akaenda nao kuni siku kadhaa, akabeba mzigo kama wao. Wakamwonyesha vichaka vyote wanamojificha wavamizi. Sasa doria inawasindikiza, na saa na njia wanapanga wanawake wenyewe.

"Koplo huyo ametoka Tunduma. Familia yake ipo humu?"

Nikasimama, kitenge begani. Vigelegele.

"Una neno, shemeji?"

Barua iko mfukoni. Nikasema, "Mtoto hajambo, afande."

Hakuna aliyekuwa ameuliza. Kabla ya chakula wakanichagua katibu wa umoja wao.

Jumapili mama Neema akapiga simu, nikamsimulia yote, mpaka barua. Alicheka sana. Kisha akauliza:

"Ulikuwa unaogopa?"

"Bado naogopa."

"Na mimi pia," akasema. "Lakini kesho tunaenda nao kuni tena."

Wakuu, nilidhani mwanamke akienda kule ni mtu mmoja zaidi wa kulindwa. Kumbe kuna mambo wanawake wenzake wanamwambia yeye tu.

Wenye wenza kwenye hizi kazi, ninyi mlijikaza vipi? Shusheni hapa. Wa kijiweni Chapwa mlionitambua, jina langu liacheni.