Moraa wa Birongo

Nilipokuwa mtoto kule Suneka, miaka ya mwanzo ya Uhuru, ukiita Moraa sokoni nusu ya wanawake waligeuka. Kwetu tulikuwa nao tele, walio hai na waliozikwa, kwa kuwa mtoto hupewa jina la marehemu wa ukoo. Mdogo wangu alipozaliwa naye akaitwa Moraa, jina la mama yake babu.

Mtoto akakataa ziwa. Alilia kutwa, akakonda hata shingo ikashindwa na kichwa. Daktari mjini Kisii hakuona ugonjwa. Mama alikuwa amekwisha kumzika mtoto mmoja, na huyu alimtazama kama mtu anayeaga. Jamani, niliogopa hata kumgusa.

Magokoro, ndivyo tulivyomwita nyanya, mama yake baba, akasema kuna Moraa mwingine anayetaka kutambuliwa. Baba, mzee wa kanisa asiyechezea Sabato, akanuna, akasema hayo ni mambo ya giza. Akawataja akina Moraa wote, kila mmoja na wajina wake, aonyeshe kwamba hakuna aliyesahaulika.

"Umemwacha shangazi yako," Magokoro akasema.

Baba hakujua kama aliwahi kuwa na shangazi wa jina hilo. Ndipo likatoka. Huyo Moraa aliolewa Birongo, na ng'ombe wa mahari yake ndio babu aliowatoa kumwoa Magokoro. Ndiyo desturi yetu, dada huolewa ndipo kaka apate kuoa. Mumewe akawa wa kumpiga. Siku moja Moraa akarudi nyumbani analia, na babu akamfukuza langoni, maana kumpokea kungemlazimu arudishe ng'ombe.

"Nilikuwa jikoni nasaga wimbi," Magokoro akasema. "Nilimsikia, nikanyamaza. Angeingia yeye, ningetoka mimi."

Baba hakutaja giza tena. Asubuhi tukashika njia, baba na Magokoro mbele, mama na mtoto mgongoni, mimi na kapu la ndizi. Birongo nako wamejaa akina Moraa! Kila tuliyemuuliza alituuliza yupi, mtoto wa nani, tukazungushwa mpaka miguu ikawaka moto. Mwishowe tukaelekezwa kwa mama mmoja mnene aliyekuwa akichuma maua ya pareto. Alikuwa binti wa Moraa tuliyemtafuta, na mama yake alikwisha kufa. Magokoro akamweleza yote pasipo kujitetea, machozi yakimtoka. Sikuwa nimewahi kumwona akilia.

Mama yule akampakata mtoto, akamwita kama inavyopasa kumwita aliyechukua jina la mzazi wako.

"Mama," akasema, "kumbe mwishowe wamekupokea kwenu."

Akampikia mama yetu uji, akamlazimisha alale. Jioni Moraa alinyonya mpaka akasinzia, na baba akatoka nje kujifanya anatazama mvua.

Wapo watakaoniambia ni uji na usingizi vilivyorudisha maziwa. Huenda, sibishani nao. Mdogo wangu leo ni nyanya, tena mnene kuliko mimi. Ninachojua ni kwamba sote tulizaliwa kwa ng'ombe wa mwanamke tuliyemfungia lango, na ilibidi mtoto mchanga akatae ziwa ndipo tumtaje. Wajukuu wa Moraa yule wa Birongo siku hizi huingia kwetu bila kupiga hodi.