Siku Niliyombeba Mwali na Vinundu Vyangu

Vinundu vilianza miaka ya ruksa, sukari iliporudi madukani na mitumba ikawa inamwagwa chini kila siku ya gulio pale Kilosa. Mimi nilisoma mpaka darasa la pili tu, lakini majina ya watu hayanipotei. Nikitaka nitawataja wote waliokuwepo gulioni siku niliponunua gauni langu la kwanza la mtumba, mpaka watoto wa mgongoni. Siwataji. Wengine wangali hai na wana maneno.

Gauni lile nililipendea mikono yake mipana. Magauni yangu ya zamani yalikuwa yananibana, maana mikono ilikuwa imeota vinundu chini ya ngozi, laini, mfano wa viazi vidogo vya mwisho wa shamba. Vingine vilikaa mbavuni, vingine kiunoni na mapajani. Kwa macho ulikuwa unene tu. Ukivigusa, mimi naona nyota.

Na watu walivyopenda kugusa! "Mama, ruksa imekukubali!" Hapo ameshanishika mkono, anabonyeza kama anachagua papai. Nilicheka nao. Baada ya miaka ile ya foleni za sukari, kunenepa ilikuwa sifa, nani angeniamini nikisema unene wangu unauma?

Kilichoninyima raha ni kitu kimoja. Mjukuu wangu wa kwanza, mtoto wa binti yangu, alikuwa amevunja ungo na amewekwa ndani, na siku ya kumtoa ilikuwa inakaribia. Kwetu mwali hatoki kwa miguu yake. Bibi mzaa mama humchukua begani kutoka mlangoni mpaka kwenye mkeka uliotandikwa katikati ya uwanja, na mwali hagusi udongo mpaka aukanyage mkeka. Mimi nilibebwa na bibi yangu. Binti yangu alibebwa na mama yangu. Sasa zamu ilikuwa yangu, na binti yangu alikuwa ananitazama ninavyouma meno nikiinua ndoo.

"Mama," akasema, "hiyo kazi si tumpe shangazi yake? Yule ana nguvu."

Shangazi! Mtu wa upande wa baba! "Nikishakufa mpeni," nikamjibu.

Lakini moyoni niliogopa. Nikapanda gari kwenda hospitali kule Mikumi, maana nilisikia kuna daktari msikivu. Akanipima taratibu, kinundu kimoja kimoja, huku akiniomba radhi. Mwisho akaniambia si saratani. Ni ugonjwa wa mafuta ya mwilini, hauniui, lakini hauna dawa ya kuumaliza. Atanipa vidonge vya maumivu, vinundu tutazeeka navyo. Akasema ni ugonjwa wa nadra sana, yeye ameusoma kitabuni tu, mgonjwa wake wa kwanza ni mimi.

Nilivyosikia hauniui nikapata mdomo. "Daktari, hapo jirani mbugani wazungu wanalipa kiingilio kuona twiga. Wewe umeniona bure?" Akacheka mpaka akavua miwani. Jina la ugonjwa aliliandika kwenye karatasi, refu, la kizungu. Hilo ndilo jina pekee duniani lililonishinda kulishika.

Nikatoka nina njaa. Pale barabarani alikuwepo mtani wangu, mama mmoja wa rika langu aliyekuwa akiwauzia wali abiria wa mabasi. Ukoo wake na wetu ni watani tangu enzi za mabibi wa mabibi. Mtani wetu ana ruhusa ya kukutukana msibani, kukunyang'anya kofia, kula nyama yako ukiwa umeishika, na wewe hukasiriki. Aliponiona tu akapiga kelele mbele ya wateja.

"Jamani, gunia linatembea! Njoo nikupime kilo!" Akanibana mkono juu ya kiwiko, palepale penye kinundu kikubwa.

Machozi yakanitoka. Nikamweleza yote, vinundu, daktari, mwali, na shangazi mwenye nguvu. Mtani akaweka upawa chini, akaacha utani. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana yule mama sikuwahi kumwona kaacha utani hata makaburini.

"Utambeba?" akauliza.

"Nitambeba."

"Haya. Kula wali, gunia wewe." Akaninyang'anya kipande cha nyama, akala mwenyewe.

Kwenye nyumba aliyowekwa mwali huingia wanawake wachache tu, na mimi nilikuwa mmojawapo. Kazi yangu ilikuwa kumfundisha mwili wake. Siku zile tukafundishana wangu. Nilivua gauni, akachukua mkaa, akawa anauliza, "Bibi, hapa?" Nikishtuka anachora duara. Tulipomaliza nilikuwa na madoa kama chui, tukacheka tukashika mdomo ili nje wasisikie. Lakini tuliona jambo la maana. Mabega na shingo havikuwa na duara hata moja.

"Bibi, njia ipo!" akasema. "Nitakaa juu, miguu nitaikunja visigino visikuguse mbavu, na wewe usinishike kwa mikono. Nitashika kichwa chako."

"Ukining'oa nywele?"

"Zimebaki ngapi?"

Mjukuu na bibi wanataniana, sikumlaumu. Tukafanya mazoezi chumbani, kutoka kitandani mpaka kwenye kinu, kutoka kwenye kinu mpaka kitandani. Mabega yalistahimili. Mapaja ndiyo yalilia kila hatua.

Siku ikafika. Nikameza vidonge viwili, nikavaa gauni la mikono mipana. Ngoma zikalia, mlango ukafunguliwa, nikatoka na mwali juu amepakwa mafuta anang'aa, amevishwa shanga, uso ameuinamisha. Vigelegele! Nikapiga hatua kumi, nikapiga kumi na tano. Mkeka niliuona mbali kama Dumila kwa miguu. Mapaja yakaanza kuwaka. Binti yangu akaniona uso, akamkonyeza shangazi, na shangazi akaanza kusogea, mikono mbele tayari kupokea.

Kabla hajafika, mtani wangu, aliyekuja toka Mikumi kusaidia kupika, akachomoka katikati ya wapishi, akakimbilia mkeka, akaukunja, akauweka kichwani.

"Mkeka nimeukamata! Watani wenu tuna haki yetu!"

Uwanja mzima ukalipuka. Wazee wa ukoo wakamfukuza, yeye akawazungusha mara mbili, kanga inataka kumdondoka, wapiga ngoma wameacha kupiga wanajishika mbavu. Hakuna aliyeweza kukasirika, ni mtani. Mimi nimesimama, jasho linanimwagika, sina nguvu ya kucheka. Basi akaja mpaka mbele yangu, akautandika chini, vidole vyangu vya miguu vikagusa ukingo wake.

"Leo uwanja umehamia hapa," akatangaza. "Anayebisha alete kuku!"

Nikapiga magoti juu ya mkeka, mwali akashuka, akasimama. Udongo hakuugusa. Shangazi mwenyewe ndiye aliyeanza vigelegele vya pili, na namshukuru mpaka leo. Mzee mmoja alitaka kubisha kwamba katikati ya uwanja ni kule, wakamcheka mpaka akaenda kuleta kuku. Mtani akamfunga kuku miguu, akarudi naye Mikumi.

Mjukuu wangu aliinama kunipangusa jasho. "Bibi, nilikugonga?"

"Mara mbili tu."

Siku tatu baada ya hapo sikuweza kuinua mikono hata kuchana nywele. Alikuja yeye kila asubuhi, mwali aliyetoka, akaketi nyuma yangu na chanuo, akanichana bila kunigusa mkono wala ubavu. Palipokuwa na madoa alipajua kwa moyo.