Adaptateri Chini ya Kitenge

Mujukuu wangu Claudine anafufua mashini za michezo za zamani, zile kubwa kama kabati zenye zilikuwa mu mabaa. Anatoa plake ya ndani, yenye kubeba akili ya muchezo, anaijaribu juu ya meza. Lakini inaomba adaptateri, kitu ya waya nyingi yenye inaunganisha plake na umeme na ekrani. Jean-Bosco wa Goma, ngambo ya mupaka, mutoto ya dada yangu Faida, alimutengenezea. Mwenye baa alikuwa anakuja kuiangalia mangaribi. Plake isipowaka, mashini inatupwa. Nikasema mi nitaileta.

Njiani niliichungulia sana. Hii waya inapeleka sauti? Hii nyekundu, picha? Kufika karibu na mupaka, mikono yangu ikafanya kazi yake ya zamani: nikaifunga tumboni, chini ya kitenge, kwa fundo yenye rafiki yangu marehemu Vérène alinifundisha wakati tulipitisha sukari kwa siri.

Afisa wa forodha alikuwa Solange, binti wa Vérène.

«Bibi mukecuru, uko na mukia?»

Nikageuka. Waya nyekundu ilikuwa inaburuta chini.

«Ni ya Claudine. Ya kujaribu michezo.»

«Sasa unaificha ya nini? Hii unapita nayo mu mukono tu.»

Akafunua kitenge yangu polepole, watu wa nyuma wakisogea waone. Halafu akaweka kidole juu ya fundo.

«Pita, Claudine asichelewe. Lakini hii fundo ni ya mama yangu. Mulikuwa munapitisha nini?»