Bwawa la Nyuma ya Nyumba

Nyumba tuliyoinunua Kijenge ilikuwa na bwawa la kuogelea, na katika familia yetu yote hakuna aliyejua kuogelea. Naanza na hilo kwa sababu mpaka leo nikilifikiria kichwa kinaniuma. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mashirika ya umma yakiuza kila kitu kuanzia meza hadi majengo, na mume wangu, mwenye duka la vipuri vya magari Kaloleni, akaipata nyumba aliyokuwa akiishi mtaalamu mmoja wa kigeni. Mtaalamu alikwisha ondoka. Bwawa lilibaki kavu, sakafu imepasuka, limejaa maua ya mijakaranda yaliyooza. Miaka miwili nililitumia kuanikia mahindi na sikuwa na lalamiko lolote.

Kisha baba mkwe akafariki huko kwetu mlimani, Kilimanjaro. Alikuwa msimamizi wa mfereji wa ukoo, yule anayesema nani apate maji lini. Miezi michache baada ya mazishi, mama mkwe alianguka kando ya mfereji huohuo akalala pale nusu siku, mpaka mwanamke mmoja aliyekwenda kukata majani ya ng'ombe alipomwona. Mume wangu alikwenda kumchukua wiki hiyohiyo. Mama alikuja na sanduku la bati lililofungwa kwa kamba ya katani, na aliyelifunga ni mume wangu mwenyewe, kwa fundo lile analofungia mizigo juu ya gari.

Sanduku likawekwa nyuma ya mlango wa chumba chake. Kila asubuhi mama alilegeza kamba bila kulifumua fundo, akatoa kanga moja, akaikaza tena. Nilimwambia kuna kabati. Akasema kabati ni la wenyeji.

“Nakaa mpaka mvua za vuli,” alitangaza. “Zikianza, narudi kwangu.”

Tulijua maana yake. Safari nyingine angeanguka na asingepita mtu. Mume wangu aliliogopa hilo, hata mimi niliogopa, ingawa mimi na mama tulikwisha pishana kauli zaidi ya mara moja kuhusu chumvi. Lakini mjini hakuwa na kazi. Alikaa kwenye kiti cha barazani akitazama geti, na chakula alikigusagusa tu.

Sasa, katika hali hiyo, mwanamume mzima akaamua kukarabati bwawa.

“La nini, baba watoto?” nikamuuliza.

“Mazoezi ya watoto,” akasema. Siku mbili baadaye nilimsikia akiwaambia rafiki zake kwamba watalii watapanga vyumba vya uani. Mchungaji wetu alipokuja kututembelea, sababu ikawa usalama, maana shimo wazi ni hatari. Nilikaa pale na birika mkononi nikijiuliza nimeolewa na wanaume wangapi.

Akaleta fundi, Mmeru wa huko juu Mlima Meru, mtu mpole mwenye sifa ya kujenga matangi ya shule na majosho ya kuogeshea ng'ombe. Fundi alilizunguka bwawa mara mbili, akavutiwa sana na zile ngazi za upande wa kina kifupi. Akauliza, “Mzee, ng'ombe watashukia huku?”

Mume wangu alicheka mpaka akakohoa, akidhani ni utani. Fundi naye akacheka, kwa adabu. Nami nikacheka, nisijue tunacheka nini. Hakuna aliyemweleza mwenzake lolote. Kisha mume wangu akaangalia saa, akasema, “Fundi, mimi dukani kumenibana. Mengine ongea na walio nyumbani,” akaondoka. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengenezeka. Bado sijaamua.

Mama alisikia kelele akaja na fimbo yake.

“Shikamoo bibi,” fundi akasema.

“Marahaba. Mnafanya nini hapo?”

“Tunafufua bwawa, bibi.”

Mama akasimama kabisa. Fundi alikuwa amekata mkia wa neno, ameacha ‘la kuogelea’, na kwa mtu wa kwetu mlimani bwawa bila mkia ni kitu kimoja tu. Ni nduwa, lile shimo linalochimbwa juu ya mashamba. Usiku maji ya mfereji hulijaza, asubuhi hufunguliwa, na kila nyumba hupata maji kwa zamu. Kwa Wameru nako ni hivyohivyo.

“Tundu la kutolea maji liko wapi?” mama akauliza.

Fundi akamwonyesha.

“Liko juu mno. Litabakiza tope.”

“Hata mimi nimeona, bibi.”

Baada ya muda mfupi walikuwa wamechuchumaa wote wawili, wanachora chini kwa kijiti. Nilileta chai, nikasimama nayo. Nilielewa kila neno lao, lakini nilishindwa kuelewa nani anajenga nini. Mwishowe nikajitia ujasiri.

“Mama, hili bwawa ni la kuogelea.”

“Kuoga? Si kuna bafu ndani?”

“Si kuoga, mama. Kuogelea. Mtu anaingia, anapiga mbizi.”

“Nani?”

“Watoto,” nikasema.

“Watoto waoge bafuni,” akasema, akamgeukia fundi. “Na hawa watu wa chini huku, maji wanapata lini?”

Jioni ile nilikusudia kumwambia mume wangu. Lakini mezani mama alikula sahani ya kwanza ya ndizi akaimaliza, akasogeza sahani aongezewe. Tangu mazishi hakuwahi kuomba kuongezewa. Kisha akamwambia mwanawe, “Baba yako angekuona.” Mume wangu, aliyekuwa akisimulia habari za vigae vya buluu vilivyoingia kutoka Dubai, akatabasamu kama mtoto aliyesifiwa mbele ya darasa. Nikayameza maneno yangu pamoja na ndizi.

Kwa wiki mbili walizungumza habari za bwawa kila tulipokaa kula, na walielewana kuliko nilivyowahi kuwaona.

“Litajaa usiku,” mume wangu alisema, “maana mchana bomba la mjini halina nguvu.”

“Ndivyo inavyotakiwa,” mama akasema.

“Na muda mzuri ni asubuhi na mapema.”

“Kabla jua halijawa kali. Wa mwisho wasikose.”

“Hakuna atakayekosa, mama. Hata majirani tutawakaribisha.”

“Mungu akubariki, mwanangu.”

Nilishika kichwa. Nikisema, nitamvunja mama moyo, naye atachukua sanduku lake. Nikinyamaza, siku vigae vitakapowekwa ataona mwenyewe, na bado atachukua sanduku lake. Niliwakasirikia wote wawili, na fundi nikamkasirikia zaidi, kwa sababu hakuwa wa nyumbani. Na mawingu ya vuli yalikwisha anza kukaa juu ya Mlima Meru kila alasiri. Nikapika, nikafundisha darasa langu la tatu, nikanyamaza. Sijivunii.

Jumamosi moja nilirudi kutoka sokoni nikakuta wanawake saba ndani ya bwawa letu. Wengine nilizoea kuwaona njiani, ni wa zile nyumba za bondeni, njia ya kwenda Moshono, ambako mchana bomba lilikuwa likitoa upepo tu. Walikuwa wamejifunga kanga viunoni, wana majembe na mifagio, wanakwangua sakafu na kuimba. Mama alikuwa amekwenda nyumba hadi nyumba na fimbo yake kuwaalika kwenye msaragambo, kazi ya pamoja, kama inavyofanywa kwetu kabla bwawa halijatiwa maji. Yeye mwenyewe alisimama ukingoni, anatoa amri. Sauti hiyo sikuwahi kuisikia kwake.

Nikasema moyoni, leo ndiyo leo. Na kweli, kabla sijaweka kapu chini, gari la mume wangu likaingia. Akashuka na boksi la kwanza la vigae vya buluu begani, na kwapani mchoro aliochorewa na mchora ramani wa mjini, wenye mwavuli na viti vya kulalia. Akalitazama bwawa lake. Akanitazama mimi. Nikatazama kapu.

“Nini hiki?” akauliza, na nilijua sauti ile, inayofuata huwa ni kufoka.

Fundi alikuwa amepiga magoti chini kabisa ya uwanja. Alikuwa amevuta kamba kutoka ukuta wa bwawa hadi kwenye uzio wa michongoma. “Tunapima mteremko wa mfereji, mzee. Nilikosa kamba, bibi akaniletea.”

Mume wangu akafungua mdomo, kisha akaiona ile kamba. Ilikuwa ya katani, imechakaa. Kwenye ncha yake ya juu lilibaki fundo moja ambalo fundi hakuweza kulifungua, lile la mizigo ya juu ya gari. Aliweka boksi chini polepole. Akainama, akalishika lile fundo, akaligeuzageuza kidoleni.

“Mama,” akasema, “na sanduku umelifunga na nini?”

“Silifungi tena,” mama akajibu bila kumtazama, maana alikuwa akimwonyesha mwanamke mmoja pembe aliyoiruka. “Nilifunge niende wapi? Zamu za maji hapa nani atazisimamia, wewe na duka lako?”

Wanawake wakacheka. Mimi nikajifanya napanga nyanya. Sijui mpaka leo ni lini hasa mume wangu alielewa, kama ni pale au baadaye, au kama alikuwa ameanza kuhisi tangu zile sahani za ndizi. Sikuwahi kumuuliza. Aliukunja mchoro wake mara nne, akautia mfukoni. Akavua viatu, akavua soksi, akaishika kamba kwa fundo lake mwenyewe.

“Nivute mpaka wapi?” akauliza.

“Wewe vuta,” mama akasema. “Nitakuambia ‘basi’ ukifika.”